Malori Yaliyoshuka Matupu

Walisema sitaweza. Naanza na hilo kwa sababu waliosema walikuwa wengi, na baadhi yao bado wapo, wanakunywa chai Makambako na kudai waliniunga mkono tangu mwanzo. Baba yangu mdogo, mzee wa kanisa pale Njombe, alisema mtu haendi ng'ambo kusomea kuuza. "Mama yako aliuza viazi maisha yake yote," aliniambia, "na hakupanda ndege." Karani mmoja wa ofisi ambayo sitaitaja aliisoma barua yangu ya maombi mpaka mwisho, akaikunja, akanirudishia kama mtu anayerudisha chenji. Na Mzee Shabani, mwenye malori, alitamka maneno yaliyonikera kuliko yote kwa sababu yalikaribia kuwa kweli. "Kijana," alisema, "India inauza. Hainunui."

Mimi nilisema nitaiuzia India njegere, na niliiuzia. Yaliyotokea katikati ndiyo ninayowaandikia ninyi mnaobaki ghalani mimi nikistaafu. Mambo ya vyeo mtayakuta kwenye majalada. Namna ya kushika bambo hamtaikuta humo.

Nilirudi nchini na diploma ya biashara ya nje kutoka chuo kimoja huko India, mwendo wa treni wa nusu siku kutoka Bombay. Diploma hiyo ipo ukutani ofisini mpaka leo, na atakayeihamisha atanijibu. Mwalimu wetu wa urari wa biashara alikuwa mtu mfupi mwenye huzuni ya kudumu. Kila asubuhi alichora mzani ubaoni. Upande mmoja aliweka bidhaa ambazo nchi yake inaziuza nje, upande wa pili bidhaa inazonunua, na upande wa kununua ulilemea siku zote. Mafuta, mbolea, mashine, hata kunde na dengu na njegere, maana watu kule ni wengi na kila nyumba inapika mchuzi wa mikunde hiyo mchana na jioni. "Tunanunua kuliko tunavyouza," alisema kila alipofuta ubao, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Wenzangu waliandika. Mimi nilishangaa. Kwetu Ubena niliijua India kama nchi inayotuuzia: cherehani, baiskeli, pampu za maji, vidonge vya malaria. Sikujua kwamba jitu lile nalo lina pengo. Kisha siku moja mpishi wa bweni alitupa gunia tupu nyuma ya jiko, nikasoma maandishi yake. Lilikuwa la njegere kavu, na zilitoka nchi iliyo mbali na Bombay kuliko kwetu. Nikakumbuka Matamba, milimani kwa Wakinga, nilikokwenda utotoni kumtembelea shangazi aliyeolewa huko. Kule njegere zinaota hata usipozitazama. Siku ile nilijua kazi yangu kabla sijafanya mtihani. Mtihani wenyewe niliufaulu vizuri sana, lakini hilo si la leo.

Nilifikia Makambako miaka ile ya ruksa, ushirika ulipoacha kuwa mnunuzi pekee na kila mtu akaruhusiwa kununua na kuuza alichoweza kukibeba. Nilipanga chumba nyuma ya duka la vipuri. Sikuwa na mzani, sikuwa na meza, sikuwa na gunia hata moja. Nilikuwa na daftari. Kwa wiki mbili nilikaa njia panda, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, nikihesabu malori. Yaliyopanda kutoka Dar es Salaam yalikuwa yamejaa mpaka kamba zinalia: mabati, sabuni, vitambaa, baiskeli zilizofungwa kwa karatasi. Yaliyoshuka kwenda Dar, ukiondoa msimu wa mahindi na yale ya mbao, yalishuka turubai limekunjwa na utingo amelala chali kwenye bodi. Mzani wa mwalimu wangu ulikuwa unapita mbele yangu kwa magurudumu, na kwetu nako ulilalia upande ule ule wa kununua.

Mzee Shabani alikuja kuniuliza. Alikuwa mtu wa Tanga aliyehamia Makambako akiwa na lori moja bovu, na wakati huo alikuwa na matatu, yote mabovu kiasi.

"Nimeambiwa unahesabu malori yangu. Wewe ni wa kodi?"

"Shikamoo mzee. Hapana, mimi ni wa urari wa biashara."

"Marahaba. Ugonjwa gani huo?"

Nilimwonyesha daftari. Akalishika mbali na macho, kama wanavyofanya wazee wasiotaka kununua miwani, akasoma jinsi malori yake yalivyoshuka matupu siku baada ya siku. Hakucheka. "Lori tupu linakunywa dizeli ile ile," alisema mwishowe. "Haya, Bwana Diploma. Kushuka, pakia hizo njegere zako, nauli utanipa zikiuzwa. Lakini kupanda usiniombe hata nafasi ya kuku. Kupanda nimejaa."

Jina la Bwana Diploma lilianzia hapo. Alilisema kwa dhihaka. Mimi nililipokea kama cheo.

Nilipanda Matamba kwa kona zile za Chimala, nusu kwa gari na nusu kwa miguu, kwa sababu gari lilichoka kabla yangu. Nilielekezwa kwa Mama Ester Sanga, kiongozi wa kina mama wa usharika, mwanamke mnene, mpole, asiyeharakishwa na mtu. Alikusanya wanawake wa nyumba kumi na tisa. Niliwaeleza habari za India na mzani wake kwa ufasaha ambao mwalimu wangu angeuonea wivu. Walisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo huna fedha," alisema Mama Ester.

"Kwa sasa sina, mama."

"Baba yako ni nani?"

Nikamtaja baba, na babu, na shangazi yangu aliyezikwa huko huko. Wakanong'ona Kikinga kidogo. Kisha akaniambia watanikopesha njegere zenyewe. Kila nyumba ingetoa madebe kumi: saba ya chakula na matatu ya mbegu, na yote ya mlima. Ninyi mnaopimia kwenye mizani ya umeme hamjui mlima. Debe la mfuto linasawazishwa mdomoni kwa mkono. Debe la mlima linarundikwa mpaka punje zinaanza kuteleza zenyewe. Kule Matamba ukikopa mlima unarudisha mlima, na hakuna anayeandika, kwa sababu kila aliyekuwepo ameona.

"Mbegu ziwe zimerudi kabla hatujapanda," alisema. "Sisi hatutaki risiti. Ukipotea, mashamba kumi na tisa yatakaa matupu, na watu watakuwa wanalitaja jina la baba yako kila wakipita hapo."

Njegere zilikuwa ndani ya nyumba, kwenye vihenge juu ya mafiga, zimechanganywa na majivu ili dumuzi wasizitoboe. Ndivyo zilivyohifadhiwa tangu zamani. Nyumbani kwetu mama alifanya hivyo hivyo kwa maharage. Na hapa nitakiri jambo ambalo nimelificha kwa muda mrefu, kwa kuwa mtu akistaafu hafukuzwi kazi. Nilipoona majivu yale niliwaambia kina mama waongeze. Nilisema safari ni ndefu, bahari ni kubwa, dumuzi ni wengi. Wakaongeza kwa moyo mweupe, debe zima la majivu kutoka kila jiko. Tukajaza magunia thelathini na manane, nikayashona mwenyewe kwa sindano ya gunia na kuacha masikio mawili, moja kila pembe, ili wapagazi wapate pa kushika. Kushona nilishona vizuri.

Dar es Salaam nilimpata mnunuzi anayesafirisha njegere kwenda India, naye alikuwa na ghala ambamo alikusanya mizigo ya watu wengi mpaka itoshe kujaza meli. Mkaguzi wake alikuwa Bwana Kirit, mtoto wa Kariakoo, Mhindi aliyeongea Kiswahili vizuri kuliko mimi. Alikuja na bambo. Bambo, kwa mgeni wa kazi hii, ni chuma kilichochongoka, chenye mfereji, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi kiganja. Unalichoma gunia na punje zinateremka mferejini mpaka mkononi mwako, hata zile zilizojificha katikati. Alichoma gunia la kwanza, akamimina punje juu ya kitambaa chake cheupe cha mfukoni, akazizungusha. Kitambaa kikawa kijivu.

"Bwana," alisema, "hizi umezivuna shambani au jikoni?"

"Ni majivu kidogo tu. Ya dumuzi."

"Na harufu?"

"Harufu gani?"

Akaniletea punje puani. Nikanusa. Nikanusa tena. Wallahi sikusikia kitu, ingawa mimi ni Mlutheri na sina ruhusa ya kuapa hivyo. Bwana Kirit alimwita mpagazi mmoja, akamwambia anuse. Mpagazi akasema, "Moshi, bosi. Kama nguo za mama lishe." Akaita wa pili, naye akasema moshi. Watu wote ghalani waliusikia isipokuwa mwenye diploma. Pua yangu ilikuwa imezaliwa ndani ya moshi ule, ikalelewa ndani yake, na kwangu ulikuwa harufu ya chakula tu. Majivu yangepepetwa. Moshi haupepetwi.

Alikataa magunia yote, kisha akanikaribisha chai. Mkiniuliza nilijifunza kazi kwa nani, si kwa yule mwalimu mwenye huzuni. Nilijifunza siku mbili zile kwa mtu aliyenikatalia mzigo. Alinionyesha kuchoma gunia pande tatu, juu, ubavuni na chini, kwa sababu mkulima huweka nzuri juu na mlanguzi huziweka ubavuni. Alinifundisha kunusa kabla ya kutazama, kwa kuwa macho yakishapenda kitu pua hukubaliana nayo. Aliniambia nisiinuse mali ya kwetu peke yangu hata siku moja, niite mtu wa kutoka mbali. Ndiyo sababu mkaguzi wetu wa kwanza nilimtoa Kigoma, mkalalamika kwamba napendelea wageni. Na siku ya kuondoka alinipa bambo lake la zamani, lililopinda ncha. Ndilo lile la kwenye droo.

Sasa nilitakiwa kurudisha magunia Makambako, na hapo ndipo urari wa biashara uliponishika shati. Malori yanayopanda yalikuwa yamejaa. Mzee Shabani alikuwa ameniambia, nami nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu. Mzigo wangu ulikaa ghalani kwa watu, ukipanda magunia manne leo, matano wiki ijayo, yakiwa yamebanwa juu ya mabati na baiskeli. Mzee Shabani mwenyewe alikuja kuyapokea njia panda.

"Nilikwambia India inauza," alisema. "Ona sasa. Hata njegere zako imekurudishia."

Utani huo aliurudia kila lori lilipofika. Wapakuaji walikuwa wanamsubiri auseme ndipo waanze kushusha.

Nilipanda Matamba na magunia ya kwanza yaliyotosha mbegu. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Mama Ester alinisikiliza huku akimenya viazi.

"Kwa hiyo hawapendi moshi," alisema.

"Hawapendi, mama."

"Wanapikia nini?"

Nikamwambia mbegu hizi hapa zote, na zilizobaki zipo Makambako, nitazileta kila punje, deni liishe. Akaweka kisu chini.

"Mbegu umefanya vizuri, turudishie. Za chakula kaa nazo. Ziuze huko Makambako kwa watu wenye pua kama yako, upate pa kuanzia."

"Na deni, mama?"

"Deni likae. Ukiturudishia kila kitu leo utashuka Chimala na hutapanda tena. Mtu asiyedaiwa huku ana sababu gani ya kupanda kona zile?"

Nilimuuliza kama wanaweza kuacha majivu. Akasema majivu waliyaweka kwa sababu mama zao waliyaweka, na mama zao walitoka bondeni kwenye joto. Huku juu baridi ya Julai huwafanya dumuzi wajutie kuzaliwa. Kinachotakiwa ni njegere zitoke shambani zishuke moja kwa moja, zisiingie jikoni kabisa. Nilisoma miaka mitatu nchi ya mbali ili niambiwe jambo hilo na mtu anayemenya viazi. Nililiandika kwenye daftari lile lile la malori.

Njegere za moshi zilinunuliwa Makambako na wapishi wa shule na watu wa reli, wakaniomba nyingine. Msimu uliofuata nilikwenda kwa baba mdogo Njombe kuazima turubai la kanisa, lile kubwa la harusi.

"Kamwene, Bwana Diploma," alinisalimu, maana jina lilikuwa limeshafika. "India imeshanunua?"

"Itanunua, baba."

"Turubai lirudi safi. Mwezi ujao mwishoni kuna ndoa, na bibi harusi si njegere."

Tulilitandaza Matamba kwenye uwanja wa mpira. Kina mama walipuria hapo hapo, wakazianika siku tatu, wakizigeuza kwa mikono kila jua lilipohama, na ukungu ukishuka tunakunja turubai mbio kabla halijalowa. Nilichoma kila gunia pande tatu. Dereva wa Mzee Shabani, mtu wa Lindi, alizinusa kwa niaba yangu. Alisema zinanuka majani. Nikamwambia arudie, akarudia, akasema majani.

Na lori lile, sikilizeni, halikupanda Matamba tupu. Nilikuwa nimewauliza kina mama wanataka nini kutoka huko njegere zinakokwenda. Walitaka cherehani moja ya kikundi na masufuria mapana. Hivyo lori lilipanda na cherehani iliyotoka India na likashuka na njegere zinazokwenda India, na kwa siku ile moja, kwenye kona za Chimala, mzani wa mwalimu wangu ulikaa sawa. Nilimwandikia barua kumweleza. Hakujibu. Nadhani ilimharibia somo.

Bwana Kirit alichoma gunia la kwanza, la kumi na la mwisho. Alizungusha punje kwenye kitambaa, akakigeuza upande wa pili, akakitazama dhidi ya mwanga. Nilikuwa nimesimama kama mtu anayesubiri daktari atoke chumbani. Kisha akakikung'uta, akakikunja mara nne, akakitia kwenye mfuko wa shati langu.

"Haya, Bwana Jikoni," alisema. "Zimepita."

Kwa hiyo niliiuzia India. Haikusikia, najua. Mzani wake uliendelea kulala upande ule ule, na magunia yangu yalikuwa kama punje moja kwenye debe. Lakini malori ya Mzee Shabani yaliacha kushuka matupu, na wenye malori wengine wakaja kunitafuta wenyewe, na yule karani wa barua akaniletea mwanawe nimwajiri. Nilimwajiri. Ni mfanyakazi mzuri, mnamjua.

Madebe saba kwa kila nyumba yalikuwa bado yananidai. Msimu ule nililipa nyumba nane, na msimu wa tatu nikapanda kulipa kumi na moja zilizobaki. Nilibeba njegere nilizonunua vijiji vya jirani, safi, zisizojua jiko. Mzee Shabani alikuja mwenyewe kwenye lori, akidai anataka kuona mlima unaozungumziwa, naye alikaa mbele amevaa makoti mawili. Kina mama walileta madebe yao wenyewe, kila mtu lile alilopimia. Nilirundika mpaka punje zikateleza. Kila aliyepokea alisema "tumeona," na waliosimama karibu wakaitikia, "tumeona."

Mama Ester alikuwa wa mwisho. Nilimpimia sita. La saba nililirundika kuliko yote, kwa mikono yangu, mpaka halikupokea punje nyingine. Alilitazama. Kisha akalaza mkono wake mdomoni mwa debe na kuufuta mlima wote, ukaanguka juu ya gunia langu lililokuwa tupu.

"Mama, umejipunja," nilisema. "Ulinikopesha mlima."

"Nilikukopesha mlima, ndiyo. Huo bado unadaiwa."

"Lakini leo namaliza kulipa watu wote."

"Umelipa watu wote. Wote wameona." Akajifunga khanga vizuri. "Mimi nakudai huo mlima tu. Utauleta mwakani."

Sikuwa na chombo kidogo. Nilitoa kitambaa cha Bwana Kirit, nikazikusanya punje zile zote, nikakifunga pembe nne na kukiweka mapajani. Tuliposhuka Chimala, gari likilalia kona baada ya kona, Mzee Shabani alikitazama kile kifurushi.

"Deni lako lote ndilo hilo?"

"Ndilo hilo, mzee."

"Fungua nione."

Nilikifungua. Akainamisha uso, akanusa, akatafuta, akanusa tena, kisha akazisogeza punje pembeni kwa kidole. Kitambaa kilikuwa cheupe.